Simfonia Iliyochelewa Kwisha

Idara ya Utamaduni na Masuala ya Sherehe ya Manispaa ya Hallbrunn inayo furaha kuutangazia umma kwamba, katika Tamasha la Siku ya Mtakatifu Stefano la mwaka jana, Mheshimiwa Meya hakupiga makofi kabla ya wakati. Uchunguzi wa kina umethibitisha kuwa simfonia ndiyo iliyochelewa kwisha.

Tangazo hilo nililiandika mimi, na mpaka leo sijaandika sentensi iliyonipa raha kama ile ya pili. Naitwa Hofrat Leopold Zwettler, naibu mkuu wa idara hiyo. Hofrat ni cheo kisicho na kazi maalumu, na ndiyo sababu hapa kwetu Austria watu humpisha mwenye nacho kwenye foleni ya mikate.

Kwa faida ya wasiotoka Hallbrunn, nitaeleza kilichotokea. Kila mwaka, Siku ya Mtakatifu Stefano, yaani siku moja baada ya Krismasi, watu wakishashiba bata bukini na kugombana na wakwe zao, mji mzima hujaa katika Ukumbi wa Manispaa kusikiliza okestra yetu ikipiga Simfonia ya Majira ya Baridi. Aliyeitunga ni Anton Wimmersberger, mwana wa mji huu, aliyefariki zamani kwa mafua. Simfonia ina sehemu nne. Sehemu ya kwanza humalizika kwa kishindo: baragumu zinalia, ngoma zinanguruma, fidla zinakimbizana kama zimeiba kitu, halafu ghafla kimya. Kimya hicho ni mtego, maana makofi hupigwa mwisho wa sehemu ya nne tu. Watoto wa Hallbrunn huonywa juu yake wakiwa wadogo, pamoja na barafu nyembamba ya ziwani.

Meya wetu, Gottfried Pramhofer, hakukulia hapa. Alikuwa akiuza matrekta katika bonde la pili, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza madarakani. Kishindo kilipokatika, akainuka. Akapiga makofi kwa mikono iliyozoea kupiga matrekta mgongoni. Akasema, "Bravo!" Akapanda jukwaani na shada la maua, akamkumbatia kiongozi wa okestra, akageuka na kuanza hotuba ya shukrani. Okestra ilimsubiri. Mtu mmoja nyuma akacheka kupitia puani, akajaribu kujizuia, akashindwa, na baada ya hapo hapakuwa na aliyejaribu.

Redio ya jimbo ilikuwa ikirusha yote moja kwa moja.

Mpaka theluji inayeyuka, milima yote ilikuwa na neno jipya. Ukiondoka mezani kabla ya wenzako, umepramhofa. Ukiamka kabla ya saa ya kengele, umepramhofa. Bwana harusi mmoja wa kijiji cha jirani alijibu "ndiyo" kabla padri hajamaliza kuuliza, na kanisa zima likasema kwa sauti moja, amepramhofa.

Meya akaniita ofisini.

"Zwettler," akasema, "mke wangu haendi tena kwa msusi. Wanamcheka akiwa na vibanio kichwani, hana hata pa kukimbilia. Fanya kitu."

"Kitu gani, Mheshimiwa?"

"Wewe ndiye Hofrat."

Nikaunda Tume ya Kuhakiki Mwisho wa Simfonia. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Wajumbe walikuwa mhandisi wa barabara na shemeji yake Meya, ambaye husikia kwa sikio moja tu, kwa hiyo asingeweza kusikiliza pande zote mbili. Tulikaa kiangazi kizima. Mhandisi alisema kwamba katika barabara, mahali penye alama ya kusimama ndipo gari linaposimama, na ikiwa kuna barabara nyingine mbele, hiyo ni barabara nyingine. Hoja hiyo ilitufungua macho. Simfonia ilikuwa imesimama. Watu walikuwa wamesikia kishindo. Meya alikuwa na maua mkononi. Dalili zote za mwisho zilikuwepo, isipokuwa mwisho wenyewe, na huo ulikuwa uzembe wa marehemu Wimmersberger.

Kutokana na hayo ikazaliwa Kanuni ya Ukomo wa Muziki. Inasema hivi: onyesho lolote la muziki ndani ya Ukumbi wa Manispaa litahesabika limekwisha pale Meya atakapopiga makofi, na sauti yoyote itakayoendelea baada ya hapo ni kelele. Baraza la madiwani liliipitisha bila upinzani mwezi wa Novemba, kwa sababu chakula kilikuwa tayari chumba cha pili na harufu yake ilikuwa inaingia.

Niliipeleka habari hiyo kwa wanaokestra mimi mwenyewe. Wao hufanya mazoezi katika jumba la michezo la shule, kati ya kamba za kukwea na magodoro ya kurukia. Anayewaongoza ni Mwalimu Roswitha Kolarik. Amestaafu kufundisha shule, hajastaafu kutufundisha sisi. Nusu ya mji imepita mikononi mwake, mimi nikiwemo, na mbele yake Hofrat hugeuka Poldi, jina langu la utotoni.

"Poldi," alisema nilipotokea mlangoni, "umekanyaga sakafu ya mbao na viatu vya theluji."

Nikavua. Kanuni nikaisoma nikiwa na soksi, jambo ambalo halipunguzi uzito wa sheria.

Wa kwanza kusema alikuwa Alois Ranftl. Huyu ni mwenye bucha la pale uwanjani, ni nahodha wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na ndiye mpiga ngoma kubwa za shaba.

"Ngoja kwanza, Hofrat. Kwa hiyo jamaa akipiga makofi, sisi tunafunga duka?"

"Onyesho litakuwa limekwisha kisheria."

"Hata kama tumebakiza sehemu tatu?"

"Kisheria hakuna sehemu zilizobaki. Zinakuwa kelele."

"Na akipiga makofi akiwa chooni?"

"Choo kikiwa ndani ya Ukumbi wa Manispaa, kanuni inatumika."

"Na akiua mbu?"

"Mbu mwezi wa Desemba, Bwana Ranftl?"

"Nauliza tu, kaka. Mimi muuza nyama, nataka kujua kisu chako kinaishia wapi."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu Kolarik hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akisikia fidla moja imelegea waya.

"Poldi," akasema, "akipiga hata mara moja tu, onyesho limekwisha?"

"Hata mara moja, Mwalimu."

"Haijalishi kwa nini amepiga?"

"Sheria haiulizi kwa nini."

"Umeandika vizuri. Imenyooka." Akawageukia wanaokestra. "Mmesikia. Sisi ni raia wema. Tutaifuata neno kwa neno."

Niliondoka pale nimejaa fahari. Katika utumishi wangu wote sijawahi kupata ushirikiano wa namna hiyo kutoka kwa wasanii.

Nyumbani ushirikiano ulikuwa wa namna nyingine. Mke wangu, Hermine, anapiga viola katika okestra hiyo hiyo. Viola ni fidla iliyonenepa kidogo. Kazi yake ni kukaa katikati na kutosikika, na anayeipiga hujifunza subira ambayo baadaye humfaa katika ndoa. Ila Wimmersberger, sijui aliwaza nini, aliipa viola nafasi ya peke yake katika sehemu ya tatu. Okestra nzima hunyamaza, viola inaimba taratibu, kisha wengine wanairudia polepole kana kwamba wanaomba radhi. Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilikuwa ya mzee Kirchweger. Mzee alipoachia, ikawa ya Hermine. Aliipiga kwa mara ya kwanza katika tamasha lile la hotuba ya Meya, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa bado unafuta machozi ya kumcheka Meya.

"Ile sehemu ya tatu, Poldi," aliniambia jioni ile. "Nimesikia imefutwa."

"Haijafutwa, mpenzi. Ipo vile vile. Ila kuanzia sasa inaitwa kelele."

Alikuwa ameshika sahani ya vibiskuti vya vanila, vile vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo huvioka kila Desemba. Alikuwa ananiletea. Akageuka na sahani yake, akaiingiza kabatini, akafunga na ufunguo.

"Hermi!"

"Wenzangu wana waume walevi," akasema. "Wengine wana waume wazururaji. Mimi Mungu amenipa mume anayeandika."

Nikahamia kwenye kochi la sebuleni, kando ya mti wa Krismasi, ambao ulikuwa ukinidondoshea majani yake usoni nikilala. Mkesha wa Krismasi nilipewa supu isiyo na tambi. Na kila siku, kabla ya chakula cha jioni, Hermine alijifungia chumbani na viola yake. Alikuwa anaipiga nafasi ile ile, mwanzo mpaka mwisho, ingawa alijua kwamba hatapewa kuipiga. Mahali fulani katikati kuna sauti inapanda kama mtu anayetaka kuuliza jambo, halafu anaghairi. Nilikuwa naacha kutafuna. Kiofisi, sikusikia chochote.

Siku ya Mtakatifu Stefano ikafika na theluji ya magotini. Meya alikuwa amemwalika Mkuu wa Jimbo, Dokta Adelheid Thurnwald, ili jimbo lote lishuhudie makofi halali. Redio nayo iliitwa tena, mtangazaji yule yule. Mimi nilipangiwa kiti kando ya Meya na kazi ya kitaifa: kishindo cha sehemu ya kwanza kikikatika, nimfinye paja ili apige makofi. Tulikuwa tumefanya mazoezi ofisini. Mimi naimba simfonia kwa mdomo, baragumu na ngoma zote, yeye anasubiri kufinywa. Katibu wake aliingia mara mbili, mara zote mbili akatoka bila kusema alichofuata.

Ukumbi ulikuwa wa baridi. Hilo lilitokana na Agizo la Joto la Wastani, lililotolewa na idara yangu katika vuli, ambapo joto la wastani ni lile analoweza kulivumilia ofisa aliyevaa koti. Watu walikaa na makoti yao na skafu zao, pumzi zikiwatoka kama kwenye zizi. Mkuu wa Jimbo alikuwa upande wa kulia wa Meya, amejifunga manyoya mpaka masikioni, uso wa mtu anayependa muziki kikazi.

Saa kumi jioni taa zikapunguzwa. Mtangazaji akanong'ona kwenye kipaza sauti chake kwamba tuko hewani. Mwalimu Kolarik akapanda jukwaani, gauni lake jeusi, soksi nene za sufi chini yake. Akainamia watu. Akawageukia wanaokestra. Akainua kijiti chake juu, na kimya kikashuka, kile kimya kizuri cha kabla ya muziki, ambacho hata wanaokohoa hukiheshimu.

Meya aliniegemea. "Zwettler, vidole vimekufa ganzi. Nitapigaje makofi?"

"Vipashe moto, Mheshimiwa," nikamnong'oneza.

Akavua glavu. Akapuliza viganja. Halafu, kama mtu yeyote wa milimani anavyofanya akingojea basi wakati wa baridi, akavigonganisha.

Pa! Pa!

Mwalimu Kolarik akashusha kijiti. Okestra haikuwa imetoa hata sauti moja. Akageuka, akatutazama, akainama kwa heshima kubwa mpaka nywele zake zikagusa magoti. Wanaokestra wakasimama wote pamoja, wakainama pia. Kisha wakaanza kufunga vyombo vyao ndani ya makasha, bila haraka, kama watu waliomaliza kazi.

"Nini?" akasema Meya. "Nini? Zwettler, wanafanya nini?"

"Onyesho limekwisha, Mheshimiwa."

"Halijaanza!"

"Kanuni haisemi lolote kuhusu kuanza, Mheshimiwa."

Nyuma yetu ukumbi mzima ukasimama. Watu walipiga makofi na kukanyaga sakafu, wakapaza sauti, "Bravo, Mwalimu! Bravo!" Wengine walidai lirudiwe. Nilimwona msusi amepanda juu ya kiti. Kisha watu wakaanza kutoka, na jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna aliyeonekana kuelekea nyumbani. Wote walishika njia moja, kuteremka uwanjani, wakicheka na kushikana mikono wasiteleze.

Meya alimgeukia mgeni wake akiwa hana rangi. Mkuu wa Jimbo alikuwa amekaa wima, anafikiri. Kwa sura yake niliona anachokiogopa: kwamba kuna kitu kilichotokea pale, wenyeji wote wamekielewa, yeye tu hakukielewa. Na ana digrii mbili.

"Fupi," akasema hatimaye. "Lakini nimeguswa."

"Mheshimiwa umeguswa?" Meya akauliza.

"Sana. Ni ya kisasa. Ule ukimya! Inahitaji ujasiri." Na mtangazaji wa redio alipomkimbilia na kipaza sauti, aliueleza ukimya ule kwa jimbo zima, moja kwa moja, kwa utulivu na kwa kirefu. Alisema ulimkumbusha utoto wake.

Mimi sikungoja amalize. Nilikuwa nimekwishaona makasha ya fidla yakivuka uwanja. Kama ofisa nilikuwa na wajibu wa kufuatilia.

Yaliingia katika kituo cha zimamoto. Magari mekundu yalikuwa yametolewa nje, yamepangwa kwenye theluji, na ndani ya gereji palikuwa na joto la kupendeza, madawati ya bustani ya bia, sufuria kubwa za soseji, na mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu uliotia ukungu madirishani. Mji wote ulikuwa mle. Okestra ilishakaa kati ya mipira ya maji iliyoviringishwa, na Alois alikuwa anakaza ngoma zake akiwa na helmeti kichwani.

"Hii ni nini?" nikauliza kwa sauti ya ofisi.

"Mazoezi ya zimamoto, Hofrat," akasema Alois. "Funga mlango, baridi inaingia."

"Bwana Ranftl, onyesho limekwisha! Mkipiga chochote sasa, ni kelele."

"Sawa kabisa. Hapa kuna king'ora kinachosikika mpaka bonde la pili. Kelele kwetu ruksa."

Nilimtazama Mwalimu Kolarik. "Mwalimu, nawajibika kuandika taarifa."

"Andika, Poldi. Lakini kwanza vua viatu. Asubuhi nimewapigisha watu deki hapa."

Nikavua. Nilimtafuta Hermine kwa macho. Alikuwa ameinamia viola yake anaikaza waya, na hakuniangalia.

Wakaanza. Sehemu ya kwanza ilipofika kishindoni na kukatika, hapakuwa na aliyepumua vibaya. Ya pili ikapita kama theluji inayoanguka. Mlango ukafunguka taratibu, na Meya akaingia peke yake, kofia mkononi, amefuata sauti. Traudl Ranftl, mkewe Alois, alikuwa anagawa mvinyo karibu na mlango. Akamwona kabla ya watu wengine.

"Karibu, Mheshimiwa," akamnong'oneza. "Mikono yako iko wapi?"

"Hii hapa," akasema Meya, akaionyesha.

"Yote miwili? Safi. Nishikie hii."

Akamkabidhi trei iliyojaa vikombe vya mvinyo wa moto mpaka ukingoni. Trei nzito, ya chuma, ya kushikwa kwa mikono yote miwili. Meya akatafuta pa kuiweka.

"Hapana pa kuweka," akasema Traudl. "Simama tu hapo, baba, watachukua wenyewe."

Basi akasimama. Watu walikuja, wakachukua kikombe, wakarudisha kitupu, na Traudl akajaza tena. Wengi walisema asante bila kuinua macho. Mmoja alimwomba haradali.

Halafu sehemu ya tatu ikafika, na okestra ikanyamaza, na mke wangu akainua upinde.

Sina utaalamu wa kueleza muziki. Ninaweza kusema tu kwamba ile sauti niliyoizoea kupitia mlango wa chumbani sasa haikuwa na mlango. Ilipanda pale inapopanda, ikafika kwenye lile swali, na safari hii haikughairi. Gereji nzima ilitulia. Soseji ziliachwa zipasuke. Nilikuwa nimesimama na soksi juu ya saruji, mimi mwandishi wa Kanuni ya Ukomo wa Muziki, na nilitaka isikome. Nilijipangusa pua kwa mkono wa koti. Ilikuwa baridi ya mlangoni.

Sehemu ya nne ikaja na ikaisha kwa utulivu, bila kishindo chochote, fidla mbili zikififia kama nyayo za mtu anayekwenda mbali. Kimya. Kijiti cha Mwalimu Kolarik kilikuwa bado hewani. Na hapo jambo la ajabu likatokea: hakuna aliyepiga makofi. Mmoja baada ya mwingine, watu wote waligeuza shingo kumtazama Meya. Walitaka kuona.

Meya alinitazama mimi. "Zwettler," akasema kwa midomo tu, "imekwisha?"

Nilifikiri haraka. "Kwa mamlaka niliyonayo, Mheshimiwa, siwezi kuthibitisha."

"Unaonaje, Gottfried?" Mwalimu Kolarik akauliza bila kugeuka. "Imekwisha?"

Vikombe vikaanza kugongana kwenye trei. Niliwahi kumwona mtu huyo akieleza bajeti ambayo hakuisoma, na hakutetemeka hata kope.

"Sijui, Mwalimu," akasema.

Hakuwahi kuwa mwanafunzi wake, lakini alilisema kama mwanafunzi. Naweza kuthibitisha kwamba kabla ya hapo hilo neno halikuwahi kutamkwa na kiongozi yeyote wa Manispaa ya Hallbrunn mbele ya mashahidi.

"Vizuri," akasema Mwalimu Kolarik. "Basi tunarudia. Kutoka mwanzo."

Watu wakashangilia, wakaongezewa mvinyo, na Hermine akaangusha kichwa nyuma akicheka. Ni katika shangwe hiyo hiyo Mkuu wa Jimbo alipoingia na manyoya yake, ametoka redioni, amefuata harufu ya soseji. Alichukua kikombe kwenye trei ya Meya bila kumtazama usoni.

"Asante, bwana. Nipatie na soseji, ukipata nafasi."

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema Meya.

Alipewa dawati la mbele. Simfonia ikaanza upya. Alisikiliza kwa uso ule ule wa kikazi, akitikisa kichwa pale anapoona wengine wanatikisa. Baragumu zikalia, ngoma za Alois zikanguruma, fidla zikakimbizana, kishindo kikaja, kikakatika.

Mkuu wa Jimbo akainuka. "Bravo!" akasema kwa nguvu, akapiga makofi, mikono imenyooka mbele, kama mtu aliyefanya hivyo kwenye matamasha mengi na hakuna aliyethubutu kumwambia. "Bravo! Bravo!"

Makofi yake yalisikika vizuri. Yalikuwa peke yake.

Hakuna aliyecheka. Nafikiri kila mtu alikuwa anampa nafasi mwenye haki. Meya Pramhofer akasogea na trei yake taratibu, asimwage, mpaka nyuma ya dawati la mbele. Akainama kwenye sikio lenye manyoya. Sijawahi kumwona na uso ule, hata usiku aliotangazwa mshindi.

"Bado, Mheshimiwa," akasema kwa upole. "Hapa huwa watu wengi wanakosea. Bado sehemu tatu."

Mkuu wa Jimbo akakaa. Mtangazaji wa redio, ambaye alikuwa ameingia nyuma yake, alitazama kipaza sauti chake, akatutazama sisi, akainua mabega kuonyesha kwamba alisahau kukizima.

Sikukuu zilipokwisha, siku ya kwanza ya kazi, simu ya idara ikalia. Alikuwa katibu wa Mkuu wa Jimbo. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alisema ofisi yao imesikia kuwa Hallbrunn tuna kanuni fulani kuhusu makofi, na Mkuu angependa itumike jimbo zima, tena haraka, ikiwezekana ihesabiwe kuwa ilianza kabla ya Krismasi iliyopita.

"Je, mnaionaje huko?" akauliza. "Inafanya kazi?"

Mezani kwangu palikuwa na mkebe wa vibiskuti vya vanila. Nilimeza kwanza.

"Inafanya kazi vizuri sana," nikamwambia. "Ila ina sharti moja. Lazima kiongozi ashike trei."